Amri Isiyo na Ukurasa

Christine Aregae alikuwa mtu wa mwongozo. Wenzake ofisini Lodwar walimtania kwamba hata chai angeipika kwa kufuata ukurasa, na ukurasa usiposema zima jiko, jiko lingewaka mpaka kesho. Hakukasirika. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa mradi wa chapa za mifugo, na kutunza kumbukumbu, alivyoona yeye, ni kufuata kilichoandikwa na mtu aliyejua kuliko wewe.

Mradi wenyewe haukuwa na makuu. Watu wawili wenye kamera walizunguka malishoni wakipiga picha chapa ambazo wafugaji huchoma kwenye ngozi za mifugo yao, pamoja na namna masikio yalivyokatwa. Picha zililetwa Lodwar na kuwekwa kwenye kompyuta moja katika chumba cha nyuma. Mnyama akiibiwa kisha akapatikana, picha ndiyo ilimaliza ubishi. Kila picha ilikuwa na nakala mbili, kila nakala kwenye diski yake, kwa sababu joto la Lodwar halina adabu. Huingia ndani ya vyombo na kuharibu mahali pasipoonekana.

Programu ya kutunza diski hizo iliitwa kelo. Mwongozo wake ulikuwa na kurasa arobaini na moja, na Christine alikuwa ameuchapisha na kuuvalisha jalada la plastiki. Amri za kelo zilikuwa za herufi tatu tatu. Amri ya chk ilihesabu faili na kusema kama zimetimia. Amri ya fix ilizitafuta faili zilizoharibika na kuzikata, ili daftari libaki safi. Ndivyo mwongozo ulivyosema, na Christine hakuhitaji kujua zaidi.

Jumatatu moja mwezi wa Februari aliingia mzee mmoja mwenye fimbo na kigoda chake kidogo mkononi. Alikuwa ametoka upande wa Kakuma.

"Ejok," akasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi, baba. Karibu."

Aliitwa Erupe. Alikataa kiti cha ofisi, akakalia kigoda chake, akaeleza shida yake bila kuzunguka. "Ngamia yangu iko kwa polisi Kakuma. Zilipotea, zikapatikana. Sasa kuna mtu anasema ni yake. Chifu amesema Alhamisi tukutane, kila mtu alete ushahidi. Nyinyi mlipiga hiyo ngamia picha. Mimi nataka hiyo picha."

"Ni ngamia wangapi, baba?"

Erupe alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo la chumbani. "Kuna ile nyeupe, shingo yake iko kama imemwagiwa majivu. Kuna mama yake, nyekundu, titi moja halitoi maziwa. Kuna ile dume mkorofi. Na kuna ile iliuma mtoto wa ndugu yangu."

Christine alihesabu kwa vidole chini ya meza. Wanne. Baba yake mzazi, Lokaale, alikuwa vivyo hivyo. Jioni alisimama kwenye mlango wa zizi, mbuzi wakaingia mmoja mmoja, naye hakutaja namba hata siku moja, alisema tu, "Yule mwenye madoa ya tumbo yuko wapi?" Christine alipoanza shule na kujifunza kuhesabu, alikimbia kumhesabia baba mbuzi wote mpaka mwisho. Lokaale alimnyamazisha kwa ukali, akamwambia mbuzi huangaliwa. Mtoto akaona baba yake ni mshamba. Hata sasa, akiwa na miaka thelathini na sita, alikuwa akiona hivyo kidogo.

Akaendesha chk. Kompyuta ikahesabu, ikasema faili zote zimetimia. Akafungua picha ya chapa ya Erupe. Sehemu ya juu ilikuwa sikio la ngamia na kipande cha anga. Kutoka hapo kwenda chini ilikuwa kijivu kitupu.

Akafungua nyingine. Nzima. Ya tatu, kijivu nusu. Ya nne, kijivu yote.

"Iko?" Erupe akauliza.

"Iko, baba. Nipe mpaka jioni."

Alivuta mwongozo, akaufungua ukurasa wa kumi na saba bila kutafuta, maana jalada lilikuwa limezoea kufunguka hapo. Faili zikiharibika, endesha fix. Akaweka vidole kwenye kibodi. Kisha akaviondoa, kwa sababu ukurasa wa kumi na saba alikuwa amewahi kuutii.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Siku hiyo pia chk ilisema zimetimia na picha zikafunguka nusu kijivu. Akaendesha fix. Kelo ikazikata picha zilizougua kutoka kwenye diski zote mbili bila kuuliza swali, na picha sitini na moja zikaenda zake. Miongoni mwazo zilikuwamo chapa za watu ambao tangu hapo walishindwa kesi na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Msimamizi wa ofisi, Bwana Lomunokol, alitaka ripoti siku hiyohiyo. Christine alipekua kumbukumbu za kompyuta, akaona jambo ambalo hakulijua. Kila Jumatatu asubuhi, kwa miezi mingi, mtu alikuwa akiendesha amri iitwayo mir. Alifungua mwongozo mara tatu. Hapakuwa na mir. Mtu huyo alikuwa Guy Kasongo, Mkongomani wa kambi ya Kakuma, aliyefanya kazi nao kwa posho ndogo wanayopewa wakimbizi, akishughulikia kompyuta kila Jumatatu na kupiga picha siku zilizobaki. Siku ya ripoti Guy alikuwa Kakuma na kamera yake, na asiyekuwapo na lake halipo.

Ripoti ilikuwa na sentensi mbili. "Bw. Kasongo amekuwa akitumia amri isiyokuwa kwenye mwongozo. Picha sitini na moja zimepotea." Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Lomunokol alizisoma zikiwa zimekaa pamoja, akafikia uamuzi ambao msomaji yeyote angeufikia, na wiki iliyofuata Guy hakuwa na kazi. Christine hakudanganya hata neno moja. Alirudia kujiambia hivyo kwa muda mrefu, na mtu wa kweli hana haja ya kujirudia kiasi hicho.

Sasa Erupe alikuwa nje, kwenye kivuli cha mkoma, akingoja jioni. Christine aliogopa, na alijua anaogopa nini. Akiendesha fix, ngamia wanne wameondoka. Asipofanya lolote, wameondoka vilevile. Imebaki ile amri ambayo yeye mwenyewe aliiandika kama kosa.

Akapiga moyo konde. Akaandika kelo mir, akabonyeza.

Kelo haikulalamika. Ilianza kupitia faili moja baada ya nyingine, polepole, ikitaja kila moja kwa jina, na mbele ya jina ikiweka neno moja kati ya mawili: nzima, au imerudishwa. Ilichukua saa tatu. Feni ilizunguka, umeme haukupotea, na Christine hakwenda kula. Mwishoni picha themanini na tisa zilikuwa zimerudishwa. Ya Erupe ilikuwamo: paja la ngamia mwekundu, na juu yake mistari miwili na nusu duara, imechomwa vizuri, inasomeka mpaka na kipofu.

Alielewa papo hapo. Nakala zilikuwa mbili kwa sababu hiyo. Chk ilihesabu tu, na maiti huhesabika kama aliye hai. Mir iliangalia kila picha kwenye diski zote mbili, ikaona ipi mgonjwa na ipi mzima, ikamtibu mgonjwa kwa mzima. Kila Jumatatu Guy alikuwa akilitibu daftari, na waliomfukuza walimfukuza kwa dawa yake. Christine alihisi aibu, aibu ya wazi inayopanda usoni, ingawa chumba kilikuwa kitupu.

Alimpelekea Erupe picha iliyochapishwa. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini, akairudisha sawa. "Ni yeye," akasema. "Lakini amekonda hapa. Ilikuwa kiangazi."

Usiku huo na Jumanne yote Christine alifanya kitu alichokijua kuliko vyote. Aliandika ukurasa. Watengenezaji wa kelo walikuwa watu wa mbali, wa kujitolea, waliopokea marekebisho ya mwongozo kutoka kwa yeyote. Aliandika kwanza kwa Kiswahili, apate kulielewa jambo mwenyewe, kisha akalitafsiri. Amri: mir. Kazi: hulinganisha nakala mbili za kila faili na kurudisha iliyoharibika kutoka kwa nzima. Aliongeza mfano, na matokeo yake. Jibu lilirudi Jumatano asubuhi. Mtengenezaji mmoja alishukuru sana, akasema amri hiyo iliandikwa na mwenzao aliyeondoka kabla ya kuiwekea maelezo, na wote walikuwa wameisahau. Akauliza, ni nani aliyeigundua na kuijaribu? Jina lake litawekwa chini ya ukurasa.

Christine alifurahi. Aliona mlango umefunguka wenyewe. Jina la Guy Kasongo lingekaa kwenye mwongozo wa dunia nzima, lisomwe na watu wa nchi zisizohesabika, na deni la moyoni lingekuwa limekwisha bila mtu wa Lodwar kusumbuliwa.

Alhamisi alikwenda Kakuma na gari la ofisi, picha rasmi yenye muhuri mkobani. Kikao cha chifu kilikuwa kifupi. Mdai mwingine alileta maneno mengi. Erupe alileta picha. Ofisa mmoja alimuuliza Erupe ngamia ni wangapi, naye akaanza tena na ile nyeupe yenye shingo ya majivu, na ofisa akaacha kuandika namba, akaandika rangi. Ngamia walitolewa. Erupe alimpita Christine akampiga bega kwa kiganja, akaondoka nao bila kugeuka nyuma.

Christine alichukua bodaboda mpaka Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na kambi. Guy alikuwa na kibanda cha mabati cha kutengeneza simu na kuchaji betri kwa sola, jirani na bomba la maji ambapo wanawake walipanga madumu yao foleni. Alikuwa amenenepa kidogo, na miwani yake ilikuwa imefungwa waya upande mmoja. Mkewe, Mathilde, aliyekuwa akikaanga mandazi kando, aliinua macho, akamwona mgeni ni nani, akayarudisha kwenye mafuta. Hakusalimia.

"Maman Christine," Guy akasema. "Karibu. Kiti ni hii."

Christine alieleza yote: picha za kijivu, mir, themanini na tisa zilizorudi. Guy alisikiliza akiwa ameshika bisibisi.

"Diski zote mbili zilikuwa zimechomekwa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Uliangalia mbele ya kuanza?"

"Hapana."

"Basi Mungu alikusaidia. Kama moja haiko, mir inaamini ile inabakia, hata kama ni mgonjwa. Uandike hiyo. Na uandike mir inatangulia, fix inakuya nyuma, kwa zile zenye zilikufa ku diski zote mbili. Ukigeuza, unazika mutu mwenye angali anapumua."

Christine aliandika. "Uliijuaje? Haimo mwongozoni."

"Nilisoma msimbo wenyewe, mustari kwa mustari. Nilikuwa na wakati." Akacheka kidogo. "Nilianza kutafuta sababu ya wazee benye nilikuwa ninapiga picha. Unauliza mutu ngamia ngapi, anakasirika. Hawa bantu habahesabu, banaangalia. Nikasema, chk yetu inahesabu tu. Lazima kuwe na yenye inaangalia."

Mtoto wa Lokaale alikuwa amefunzwa na mgeni kutoka Kongo jambo lililosimama mlangoni kwa baba yake kila jioni ya utoto wake. Halafu akatoa karatasi aliyokuja nayo, ukurasa wa mir, na chini yake, kwa herufi nzito: Imegunduliwa na kujaribiwa na Guy Kasongo, Kakuma.

"Dunia nzima itaona," akasema.

Guy aliusoma ukurasa wote pasipo haraka. Alisahihisha neno moja kwa kalamu. Alipofika chini, alikata jina lake kwa mstari ulionyooka.

"Kwa nini?" Christine akauliza.

"Hawa bantu ba kelo banaishi wapi?"

"Wengine Ulaya. Wengine sijui."

"Kuna mumoja kati yao alinifukuza?"

Christine aliutazama ule mstari uliokata jina.

"Miaka miwili ninaomba kazi," Guy akasema, sauti yake ikiwa ileile ya kuuliza habari za diski. "Ma-shirika zote za Kakuma zinapiga simu Lodwar. Lodwar inasema, Kasongo aliharibu kumbukumbu. Nilienda shule kuomba kufundisha kompyuta, mukubwa wa shule akanipa soda, akaniambia pole. Unataka kuweka jina yangu pahali yenye halikupotea. Uliweke fasi yenye lilitolewa."

Kilemba cha ukoka hukauka kabla mvaaji hajafika nyumbani, na Guy alikiona kabla hakijafika kichwani. Christine alisema angefikiria. Mathilde aliposikia neno hilo, kufikiria, alisonya kwa nguvu hata wanawake wa bombani wakageuka.

Njiani kurudi Lodwar alifikiria kweli. Alifikiria kwamba mkataba wake ulikuwa unaisha Juni, na kwamba mtunza kumbukumbu aliyefuta kumbukumbu hapewi kazi nyingine mahali popote kati ya Lokichoggio na Kitale. Alifikiria kumwambia Lomunokol kwa mdomo tu, maana maneno ya mdomoni hupeperuka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye mzigo wa Guy alikuwa ameuona mwepesi kwa miaka miwili mizima. Sasa alipoupima mabegani kwake mwenyewe, kwa saa mbili tu za barabara, alitaka kuutua.

Ijumaa asubuhi aliutuma kwanza ukurasa wa mir, na masharti yote mawili ya Guy, bila jina la mtu. Kisha akafungua ripoti ya miaka miwili iliyopita. Hakufuta kitu. Chini ya zile sentensi mbili aliongeza ya tatu, na baada yake maelezo mafupi, akachapisha nakala mbili, akazipeleka kwa Lomunokol.

Lomunokol alisoma amesimama. Akaketi, akasoma tena. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kutopenda faili zilizofungwa kufunguliwa.

"Christine, huyu mtu tunaweza kumrudisha kimyakimya. Nampigia simu leo. Hii ya nini?"

"Kakuma wakipiga simu, utawasomea nini?"

"Mkataba wako ni Juni. Unajua?"

"Najua."

"Na ikibaki kwenye faili, haitoki."

"Ndiyo maana nimeichapisha, bwana. Naomba muhuri kwenye zote mbili."

Lomunokol alitafuta muhuri muda mrefu kuliko ukubwa wa droo yake. Mwishowe aligonga nakala ya kwanza, akagonga ya pili, akaikunja moja na kumpa bila kumtazama.

Jumamosi Christine alipanda gari la abiria mpaka Kakuma kwa gharama yake mwenyewe, kisha bodaboda. Guy alikuwa amefungua simu ya mtu, vipande vyote vimetandazwa kwenye kitambaa, na hakuweza kuinuka. Aliashiria kwa kidevu kwamba ile nakala yenye muhuri apewe Mathilde.

Mathilde alifuta mikono kwenye kitenge. Akaikunjua karatasi, akaanza kuisoma kimya, midomo ikitembea. Alipofika mahali fulani alisimama, akamtazama Christine, akarudi juu. Safari hii alisoma kwa sauti.

"'Bwana Kasongo amekuwa akitumia amri isiyokuwa kwenye mwongozo. Picha sitini na moja zimepotea. Aliyezifuta picha hizo ni mimi, Christine Aregae, kwa amri iliyo kwenye mwongozo, na amri ya Bwana Kasongo ndiyo iliyokuwa ikizilinda.'"

Guy aliweka bisibisi chini. Alivua miwani, akabaki ameishika kwa ule upande wa waya.

Christine alidhani imekwisha, akainua mkoba wake. Lakini Mathilde alikuwa amekwisha kutoka nje ya kibanda, amesimama kwenye jua mbele ya foleni ya madumu, na alikuwa akianza tena kutoka mwanzo, kwa sauti ya mtu anayeita watoto walio mbali. Mwanamke mmoja alifunga bomba ili wasikie. Christine alirudi akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaweka mkoba magotini, akangoja jina lake lifikiwe.